Maua ya Lilly, bei ya Target

Mpelekee fundi kitambaa chenye maua makubwa, naye kabla hajashika futi atakuuliza: unataka maua yakutane kwenye mshono au yaende yanavyokwenda? Ukitaka yakutane, ongeza kitambaa. Ua lililokatwa nusu kwenye kipande cha kushoto litafutiwe nusu yake kwenye kipande cha kulia, na kinachobaki katikati ni makombo. Kanga imekwepa gharama hiyo tangu zamani kwa sababu haikatwi: mji na pindo vinavaliwa jinsi vilivyotoka kiwandani.

Swali la fundi ndilo ninaloanza nalo kila duka la bei nafuu linapotangaza kushirikiana na jina kubwa la mitindo. Je, sifa ya jina hilo imo kwenye mkato au kwenye mchoro? Suti nzuri ni mkato. Ishushe bei na bega ndilo la kwanza kuumbuka. Mchoro unavumilia zaidi. Mfano ninaoupenda ni wa Jumapili, tarehe 19 Aprili 2015, pale maduka ya Target ya Marekani yalipoanza kuuza vitu vya Lilly Pulitzer.

Lilly mwenyewe alikuwa akiuza juisi ya machungwa ya shamba la mumewe, huko Palm Beach, Florida. Juisi ilimrukia kutwa nzima, kwa hiyo akashonesha gauni lisilo na mikono, lisilobana kiuno, lenye rangi kali za kuficha madoa. Wateja wakaanza kuulizia gauni kuliko juisi, na mwaka 1959 kampuni ikaanzishwa. Kwa fundi, gauni lile ni kazi ya asubuhi moja. Thamani yote iko kwenye waridi na kijani kinachopiga kelele. Lilly alifariki mwaka 2013, na kufikia wakati wa toleo la Target gauni la kampuni yake lilikuwa likikaribia dola 200.

Target ilitoa vitu 250 kwa bei ya dola 2 hadi 150, vingi vikiwa chini ya dola 30. Hesabu yake ilikubalije? Kwenye uchapaji wa skrini, kila rangi ina skrini yake: rangi nane, skrini nane. Ukichapa mita mia, gharama ya kuzitengeneza inauma. Ukichapa mita laki moja, haionekani. Mchoraji naye hulipwa kwa mchoro mmoja, uwe umechapwa kwenye gauni moja au milioni. Michoro ilikuwa 15 tu, yote mipya, iliyotungwa kwa ajili ya toleo hilo. Hapo naona akili ya kulinda jina la kampuni: aliyenunua la dola 200 bado angeweza kulitofautisha lake.

Kisha kuna vitu vya nyumbani, ambavyo wengi huviona kama nyongeza. Mimi naviona kuwa ndiyo werevu wenyewe. Mto hauna saizi. Gauni moja lazima lishonwe kwa saizi sita au saba, na mwisho wa msimu zile ndogo mno na kubwa mno hubaki zinaning'inia. Mto, sahani na taulo humfaa yeyote anayeingia dukani. Na kama kanga, mto ni kipande cha mraba: ua halivunjiki, mabaki ni machache, mshono ni wa kwenda moja kwa moja.

Kusubiri nako kulipangwa. Tangazo lilitoka Januari. Picha na bei zikaonekana mapema, hata watu wakaja na orodha mkononi. Zaidi ya miezi mitatu ya kuonjeshwa, siku moja ya kula.

Na hapo ndipo kazi ilipoharibika. Tovuti ilielemewa usiku wa kuamkia siku hiyo, Target ikalazimika kuipunguza kasi. Asubuhi milango ilipofunguliwa, maduka mengi yalisafishwa ndani ya dakika chache. Hapakuwa na kikomo cha idadi kwa mnunuzi mmoja, kwa hiyo walanguzi walijaza vikapu, na siku hiyohiyo maelfu ya vitu vilikuwa kwenye soko la mtandaoni la eBay kwa bei ya kuruka. Wanawake wanene ndio walioumia zaidi, maana saizi zao ziliuzwa mtandaoni peke yake. Tovuti ilipokwama, mlango wao pekee ulifungwa. Target ikasema haitaleta mzigo mwingine.

Uhaba ulikuwa wa makusudi, na siulaumu. Bila uhaba hakuna foleni. Ninacholaumu ni kusahau. Septemba 2011 Target hiyohiyo iliuza vitu vya nyumba ya mitindo ya Missoni, na tovuti yake ikazimika kwa wingi wa watu. Miaka mitatu na nusu ilitosha kujifunza, na kumwambia mtu achukue viwili vya aina moja hakuhitaji mtambo wowote, ni karatasi ukutani na keshia mwenye msimamo. Uchapaji naupa alama zote, mlangoni sitoi hata moja.

Septemba 2019, Target ilipoadhimisha miaka 20 ya kushirikiana na wabunifu, ilirudisha vitu karibu 300 kutoka kwa washirika wake 20 wa zamani. Vya Lilly Pulitzer vilikuwamo.