Video ya dakika moja, rangi yenye haikushika

Kwenye ukurasa huu tumezoea kuchambua vitabu, hotuba na filamu. Leo naomba nichambue kitu chenye wengi wetu tunaangalia kuliko vitabu: zile video fupi za simu zenye kufundisha namna ya kupaka rangi krome na plastiki za mutokaa nyumbani. Sichezi. Ziko na mtindo wake, na mtindo huo uko na bei.

Wote mnaujua. Mutokaa imechakaa, krome imekwaruzwa, plastiki nyeusi imekuwa ya kijivu. Mkono unaingia na bombi ya rangi. Pshhh, pshhh. Muziki unapanda, na mwishoni kitu kizima kinang'aa sawa mutokaa imetoka kiwandani asubuhi. Dakika moja, imekwisha.

Mimi niliamini. Yaya yangu anafanya teksi hapa Lubumbashi, na Toyota moja ya zile za usukani kuume zinazoshuka kwenye bandari ya Dar es Salaam na kupanda barabara mpaka kwetu. Krome ya kalandra, pale mbele, ilikuwa imepoteza sura. Nikamwambia: «Yaya, usipeleke garaji, mimi nitaifanya.» Niko na diploma ya kemia, bandugu! Nilinunua bombi mbili kwa makuta yake ya kazi, nikafuata video hatua kwa hatua. Jioni watu wote wa parseli walikuja kuangalia. Walisifu.

Mvua tatu tu. Kisha yaya akapitisha kitambaa siku ya kuosha, na rangi ikatoka vipande vipande kama ganda la yai ya kuchemsha. Hakunigombeza. Alipeleka mutokaa kwa papa mmoja fundi, na mimi nikiwa nimekaa nyuma. Fundi alipitisha ukucha, akaniuliza: «Mwana, ulipaka rangi juu ya kioo. Ulitaka ishike wapi?»

Swali hilo njo uchambuzi wangu wote. Video inaanzia pale kazi imekwisha kufanyika.

Tuanze na krome. Neno lenyewe linatoka kwa Kigiriki, maana yake ni rangi, kwa sababu chumvi za metali hiyo ziko na rangi nyingi. Mfaransa Vauquelin njo aliigundua mwaka 1797. Ajabu ni kwamba metali yenye jina la rangi inakataa rangi. Juu yake kuna ngozi nyembamba sana ya oksidi, laini, ngumu, isiyopenda kuungana na kitu. Njo maana haishiki kutu, na njo maana rangi haiishiki. Tena, kwenye kalandra nyingi krome si chuma kizima. Ni plastiki iliyovikwa: mara nyingi shaba chini, nikeli katikati, na krome juu kabisa, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Sisi watu wa mji wa shaba tunapita mbele ya shaba yetu kila siku bila kuiona.

Kwa hiyo kazi ya kweli ni kuosha na sabuni, kutoa mafuta yote kwa alkoli, na kutoa mafuta mbele ya kusugua, si nyuma, juu ukisugua kwanza unayasukuma ndani ya mikwaruzo. Halafu msasa wa maji, namba 320 ao 400, mpaka mng'ao ufe kabisa. Pale krome imeanza kujibandua, unasugua ukingo mpaka ukucha upite bila kukwama. Halafu rangi ya chini ya kushikisha, halafu tu rangi yenyewe. Hiyo ni nusu siku ya mkono kuuma. Katika video nilizoangalia, nusu siku hiyo inachukua sekunde mbili, ao haionekani.

Plastiki nayo iko na siri yake. Ukifungua pareshoki na kuangalia upande wa ndani, utakuta herufi zimechongwa: PP, ABS, ao PP+EPDM. Hakuna video hata moja kati ya zile nilizofuata iliyonionyesha herufi hizo, na ni zenyewe zinaamua kila kitu. ABS inapokea rangi vizuri ukiisugua. PP iko kama nta: hata rangi inateleza juu yake, na inaomba dawa yake ya kushikisha, yenye kuandikwa kwamba ni ya plastiki. Mwalimu asiyesema «soma kwanza nyuma» anafundisha bahati nasibu.

Kosa la tatu ni wakati. Mkataji wa filamu anakata kungojea, na kungojea njo kazi. Tabaka nyembamba mbili ao tatu, na dakika kumi hivi katikati, ni bora kuliko tabaka moja nzito yenye kutiririka. Tena video haijui hali ya hewa ya kwetu. Mwezi wa sita asubuhi Lubumbashi ni baridi, na rangi inachelewa kukauka. Mwezi wa tisa vumbi jekundu linalala juu ya rangi mbichi. Mvua ikianza, unyevu unaifanya kuwa nyeupe-nyeupe kama ukungu. Unachagua siku, na siku yenyewe unachagua saa.

La nne silisamehe. Katika ile video niliyofuata, kijana anapuliza rangi ndani ya chumba kilichofungwa, bila kinga. Gesi ya bombi inashika moto. Fikirini parseli zetu: mbabula inawaka hatua tatu, mama anapika bukari, watoto wanazunguka. Na kuna verni za bombi zenye dawa ya kukaza ndani yake, isosianati, yenye kuweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Kitambaa cha mdomo hakiizuie. Hapo ule ufupi si tena kosa la sanaa. Unagusa mapafu ya mtu.

Bon, tuwe wa haki. Video hizo ziko na wema wake. Ziliondoa woga. Zilinionyesha namna mkono unavyotembea, unaanza kupuliza nje ya kitu na kumalizia nje ya kitu, na namna ya kufunika taa na gazeti na skochi. Vitu hivyo ni vigumu kuandika, picha inavisema vizuri. Na kwa kijana asiye na makuta ya garaji, ni shule yenye mlango wazi. Njo maana nazidai zaidi. Anayeifuata si tajiri mwenye kutafuta mchezo. Ni mtu mwenye makuta ya bombi mbili tu, na hana ya tatu.

Kwa hiyo, mbele ya kuamini, angalieni vitu vitatu. Kusugua kunachukua muda gani katika video? Mwalimu anataja aina ya plastiki? Anaonyesha kitu kile kile kisha mwezi mmoja? Kama cha mwisho hakipo, jaribuni wenyewe juu ya kipande kibovu: paka, ngoja wiki moja, bandika skochi, ng'oa kwa nguvu. Skochi haidanganyi.

Kalandra ya yaya tuliirudilia na yule papa fundi, siku mbili, mimi nikiwa kwenye msasa. Haing'ai kama ile ya kwenye video. Imepita msimu mzima wa mvua. Pembe moja tu ya chini, upande wa kushoto, imeanza kufunguka, pale mkono wangu ulichoka na nikasema inatosha.