Kuandika ala na vijiti katika noti za ngoma

Jina la ala na jina la kijiti huandikwa yote mawili juu ya stafu ya mpigaji, lakini kazi zake hazifanani. Jina la ala hueleza stafu yenyewe imekuwa nini tangu hapo: sauti ipi isikike, ufunguo upi utumike, mstari huu ni wa ngoma kubwa au wa pembetatu. Jina la kijiti huuhusu mkono tu. Ala hubaki ile ile.

Programu za kuandika noti huvitenganisha vitu hivi, na mwandishi hana budi kuufuata utengano huo. Dorico, iliyotolewa na Steinberg mwaka 2016, humchukulia mpigaji kuwa mtu mmoja mwenye ala kadhaa. Mradi noti za ala mbili haziingiliani, programu huziweka kwenye stafu moja, huandika tahadhari ya kuhamia ala nyingine mara noti ya mwisho inapokwisha, kisha jina la ala mpya pale inapoanza. Sibelius ina ubadilishaji wa ala tangu toleo la 5 la mwaka 2007. MuseScore nayo ina maandishi maalumu ya kubadili ala. Anayeandika "timpani" kwa maandishi ya kawaida ataliona neno kwenye karatasi, ila kompyuta itaendelea kupiga marimba.

Tahadhari ya mapema ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote. Anayetoka kwenye marimba kwenda kwenye timpani huweka vijiti chini, hutembea, huchukua vingine, na pengine hukaza ngozi ipate sauti inayotakiwa. Jina likimngoja juu ya noti ya kwanza ya timpani, amekwisha kuchelewa.

Kwa vijiti, kazi kubwa humwangukia mwandishi mwenyewe. Agizo la kijiti si pambo: Berlioz, katika Symphonie fantastique ya mwaka 1830, alitaka timpani zipigwe kwa vijiti vyenye kichwa cha sifongo, na ngurumo za mbali mwishoni mwa sehemu ya tatu hutegemea ulaini huo. Basi agizo liwekwe kwenye kituo kilicho kabla ya noti husika, mahali mkono ulipo huru, na kituo hicho kitoshe kweli kubadili. Agizo huendelea mpaka lifutwe. Panapohitajika vijiti vya kawaida tena, iandikwe hivyo. Katika MuseScore litumike andiko la stafu, kwani andiko la mfumo huonekana kwenye karatasi za wapigaji wote, na mpiga fidla hana haja ya habari za sifongo.

Badala ya maneno, vipo vijipicha vya vijiti. SMuFL, kiwango cha fonti za muziki kilichoanzishwa na Daniel Spreadbury wa Steinberg, kimevitengea nafasi U+E770 hadi U+E7EF, na fonti ya Bravura inavyo. Kijipicha huchukua nafasi ndogo na hakihitaji tafsiri, jambo linalofaa sana pale vijiti vinapobadilika mara kwa mara. Hata hivyo tofauti kati ya kichwa laini na kigumu ni ndogo kwa jicho, hasa karatasi ikiwa mbali juu ya stendi. Ukurasa wa mwanzo uwe na orodha ya vijipicha vyote na maana zake, na mahali pa hatari neno liandikwe kando ya picha.