Mashini ya 2012 mbele ya Windows 11

Wandugu, hapa Kamina wengi wetu tunaandikia memwari kwenye mashini za okazyo. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imesimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na shauri linalozunguka ni moja tu: nunua mpya. Mimi napinga.

Tuanze na Windows 11 yenyewe. Inapendeza macho, na upande wa usalama iko na hoja. Lakini inadai chipu ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na kwa Intel inakataa karibu prosesa zote za kabla ya kizazi cha 8. Mimi niko na ThinkPad T430, modeli ya 2012. Nimeiwekea SSD na RAM ya GB 8. Betri yake inatoka kwa mkono, bila kufungua bisi hata moja: moto ukikatika, unaweka ya pili na kazi inaendelea. RAM na diski zinatosha; inaangushwa na prosesa na ile chipu. Sisi wa agronomia tunachagua mbegu kufuata udongo. Hapa tunaambiwa tubadilishe udongo juu ya mbegu.

Sasa inatembea na Linux Mint 22, toleo la Xfce. Hiyo inaomba RAM ya GB 2 tu, GB 4 ili utulie, na itapata marekebisho mpaka 2029. R ya hesabu za majaribio na QGIS ya ramani zinafanya kazi vizuri. Faili ya kusakinisha inakaribia GB 3, na mega ni pesa. Lakini mmoja akishusha, wengine wanakopi kwa flashi, na ni halali. Linganisha na ile Windows ya kuvunja ambayo unawekewa pamoja na virusi.

Ila wanaoisifu Mint nao wanaficha mambo. LibreOffice inafungua faili za Word, lakini majedwali yanaweza kuhama. Kwa kuprinti, peleka PDF. Lakini kama direkta wako anasahihisha ndani ya Word, kwenda na kurudi kutakuchosha kweli. Tena kurasa za intaneti za leo zinakula RAM kwa mfumo wowote, na diski ya zamani ya kuzunguka itabaki nzito. Pesa kidogo ikipatikana, anzia kwa SSD.

Basi, mbele ya kugusa pesa ya minerval, jaribu Mint kutoka kwenye flashi. Diski yako haiguswi. Angalia wifi, sauti na printa. Vyote vikitembea, weka faili zako pembeni, halafu sakinisha. Kama kazi yako inaisha bila shida, ile mashini haijazeeka bado.