Kabla Sauti Haijarekodiwa

Anayetaka kutengeneza zana ya afya ya akili kwa ajili ya watu wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, Tanzania, ningemshauri aanzie Rhino Camp, makazi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Huko wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, wakazi wa vijiji 14, walishiriki katika utafiti wa Self-Help Plus, zana ya Shirika la Afya Duniani ya kukabili msongo wa mawazo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Global Health. Zana yenyewe haihitaji simu janja wala bando. Ni sauti iliyorekodiwa, pamoja na kitabu cha picha.

Kikundi cha watu wasiozidi 30 hivi hukutana mara 5, takriban saa 2 kila mara. Rekodi hueleza na kuongoza mazoezi: kutuliza mwili, kuyaona mawazo mazito bila kuburutwa nayo, kutenda jambo ambalo mtu analithamini hata siku ambayo moyo umelemewa. Wawezeshaji si wataalamu wa saikolojia. Ni watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Wanawasha rekodi, wanaisimamisha panapotakiwa, kisha wanaongoza mazungumzo. Utaalamu wote umewekwa ndani ya sauti, ndiyo maana zana inaweza kufika mahali ambapo hakuna daktari wa magonjwa ya akili.

Lakini uamuzi huo una gharama. Mshauri aliyekaa mbele yako akiona hujamwelewa, atabadili mfano. Rekodi haikuoni. Mfano usiofaa ukipita studio, utasikika hivyohivyo katika kila kijiji, na kuurekebisha ni kurudi studio. Kwa hiyo katika zana ya aina hii ushiriki wa watumiaji hauwezi kusubiri majaribio ya mwisho. Lazima sehemu kubwa ifanyike wakati maneno bado yako kwenye karatasi.

Rhino Camp walilifanya hilo kwa hatua. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2016 ilikuwa tayari imewauliza wakimbizi na watoa huduma ni nini kinachowasumbua watu, na majibu yalitaja kufikiri kupita kiasi, migogoro ya kikabila na ukatili dhidi ya watoto. Maandishi ya zana yakatafsiriwa kwa Kiarabu cha Juba, yakapitiwa pamoja na wakimbizi wenyewe ili kujua wapi yanaeleweka na wapi yanakwama, na picha nazo zikarekebishwa zifanane na maisha yao. Ndipo likafuata jaribio dogo.

Hatua ninayoiheshimu kuliko zote ilitokana na maandalizi hayo. Yalionyesha kwamba wanaume na wanawake hawaipokei zana kwa namna moja, na kwamba kwa wanaume ingehitaji marekebisho zaidi. Utafiti mkubwa ukaendelea na wanawake peke yao. Ni rahisi kuita watu wakosoe mfano wa mdomo au rangi ya picha. Kukubali kwamba kazi uliyoifanya bado haiwafai nusu ya uliowakusudia ni kuwasikiliza kweli, na kunaumiza ratiba na bajeti.

Nina shaka moja. Mifupa ya zana, yaani mikutano 5, rekodi na kitabu, ilikuwa imeamuliwa kabla wakimbizi hawajaketi mezani. Wao walibadilisha nyama. Pia nafuu iliyokuwa kubwa mara baada ya mafunzo ilikuwa imepungua miezi 3 baadaye, ingawa washiriki bado walikuwa na ahueni kuliko wenzao wasioipata zana. Labda kama wangeulizwa mapema ni nini kifuate baada ya mkutano wa tano, wangekuwa na jibu. Kwa kulinganisha, nchini Lebanon, katika programu ya simu ya Step-by-Step iliyofanyiwa marekebisho na wakimbizi wa Syria na Walebanoni, msaidizi aliyefunzwa huwasiliana na mtumiaji kwa takriban dakika 15 kila wiki, ili asibaki na simu tu.

Sasa Nyakahura. Ukanda huu wa Biharamulo na Ngara unajua maana ya kupokea watu waliojeruhiwa moyoni: mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walivuka Rusumo ndani ya siku mbili. Unajua pia nguvu ya sauti. Redio Kwizera ya Ngara ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, na wakimbizi na wenyeji wakaisikiliza pamoja. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakulima, mama lishe na wafugaji wa hapa liwe hili: mngependa kusikia wapi, na nani akiwa karibu? Kisubi, Kihangaza, Kisukuma au Kiswahili, waamue wao, na waliowahi kuugua maradhi ya akili wawe miongoni mwao, walipwe muda wao kama mtaalamu anavyolipwa.

Jibu la swali hilo lina uzito, hasa zana ikipitia simu: simu ya nyumbani mara nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Ujumbe unaouliza hali ya moyo unaweza kusomwa na mume kabla ya aliyeulizwa. Na kuna hatari nzito zaidi: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Programu inayomuuliza mtu kama amewahi kujaribu, kisha ikahifadhi jibu pamoja na namba yake, inamtengenezea ushahidi dhidi yake mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, ila taarifa isiyokusanywa haihitaji kulindwa, na rekodi inayochezwa kwenye spika haikusanyi chochote. Kinachobaki ni kukubaliana na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kabla ya mkutano wa kwanza, nani atampokea atakayesema palepale kikundini kwamba hataki tena kuishi, na atamfikishaje hospitali.