Kutangua Uchawi kwa Karata

Jumamosi moja alasiri, nyumbani kwa dada yangu Hurlingham, karibu na Barabara ya Argwings Kodhek, nilishindwa na mpwa wangu katika mchezo niliokuwa nimejigamba kuujua. Kushindwa si ajabu. Ajabu ni sababu yake. Siri yangu sikuitoa kwa neno wala kwa uso. Simu ndiyo iliyonisema. Tangu siku hiyo nimeutazama mchezo ule kama nitazamavyo kitabu kabla ya kukipeleka darasani, nami nataka, msomaji, uutazame pamoja nami.

Kama umekulia Nairobi, waijua kadi. Mbili humwokotesha mwenzako karata mbili, tatu humwokotesha tatu, na ree huizima adhabu yote. Lakini ree hiyohiyo, ikichezwa wakati wa amani, humpa mwenyewe haki ya kuchagua aina ya karata itakayofuata. Basi mwenye ree moja mkononi yumo katika mashauri: aitumie sasa apate njia, au aifiche kwa saa ya hatari? Ukilielewa swali hili, umekwisha kuelewa nusu ya mambo nitakayokueleza.

Mchezo tulioucheza ni Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield wa Marekani na kutolewa mwaka 1993. Tangu mwaka 2019 watu huucheza rasmi katika kompyuta kwa jina la Magic: The Gathering Arena, na tangu 2021 katika simu pia. Wachezaji wawili hujifanya wachawi, kila mmoja na uhai wa hesabu 20. Karata za ardhi huzaa nguvu iitwayo mana, na kila uchawi una gharama yake ya mana. Katika toleo la kwanza kabisa ilikuwamo karata iitwayo Counterspell, ambayo kwa mana mbili za buluu hutangua uchawi wowote wa adui, uwe mdogo au mkubwa. Hilo huwezekana kwa sababu uchawi hautimii papo hapo. Adui hupewa nafasi ya kujibu. Jibu nalo laweza kujibiwa. Na neno lililosemwa mwisho ndilo hutimia kwanza.

Hapa ndipo ulipo uzuri wa mchezo huu. Atakaye kutangua uchawi katika zamu ya mwenziwe hana budi kuacha ardhi mbili bila kazi katika zamu yake mwenyewe. Yaani anayejikinga hulipa kabla hajashambuliwa. Asiposhambuliwa kwa uchawi wenye uzito, amepata hasara. Walakini adui naye huziona ardhi zile mbili zimekaa kimya, akaogopa, hata kama mkononi mwako hamna kitu. Wanaoanza kucheza aghalabu huutangua uchawi wa kwanza wanaouona, kwa furaha ya kukataa tu. Baada ya zamu mbili huja ule wa kuangamiza, nao hawana tena cha kujibu.

Sasa sikiliza kasoro yake. Mezani, kimya cha mwenye kinga na kimya cha asiye nayo ni kimya kimoja. Katika simu sivyo. Chombo kile, kwa kutaka kuokoa wakati, hupita upesi kama huna karata unayoweza kujibu nayo, na husimama kukungoja kama unayo. Kusimama huko adui hukuona. Mpwa wangu alitupa uchawi hafifu, mchezo ukasita kwa muda wa pumzi moja, naye akacheka: "Mjomba, simu yako inakusema." Tangu hapo alinitegea uchawi wa kunichokoza, nikautangua, ndipo akaleta ule aliouficha. Ipo dawa: mchezaji aweza kuiamuru simu isimame kila mara, hata asipokuwa na kitu. Lakini dawa hiyo huufanya mchezo utambae kama konokono, na wachache huivumilia. Mimi naona ni aibu kwa mtunzi wa mchezo kumwachia mchezaji kazi ya kuziba tundu lililotobolewa na chombo chenyewe.

Mchezo wa Hearthstone, uliotolewa na Blizzard mwaka 2014, ulilikata fundo hili kwa kisu. Humo huruhusiwi kutenda lolote katika zamu ya adui. Kinga, nayo pia huitwa Counterspell, huiweka katika zamu yako kama siri, na alama ya kuuliza huonekana juu ya picha ya shujaa wako. Uchawi wa kwanza atakaoutoa adui hutanguka wenyewe. Hilo ni kago shambani! Kila apitaye huona limefungwa, asijue litamletea maradhi gani. Simu haina nafasi ya kusengenya, na mchezo huenda mbio. Lakini kago halichagui mwizi. Mchezaji aliyeanza wa pili hupewa sarafu isiyo na gharama, na sarafu hiyo huhesabiwa kuwa uchawi. Akiwa bado anayo, huirusha kwanza, kinga yako nzito ikaangukia sarafu, kisha akaendelea na shughuli zake. Busara yote imehamia kwa mshambuliaji. Mwenye kinga amebaki mtazamaji wa kinga yake.

(Michezo yote miwili huuza pakiti za karata usizoziona mpaka umekwisha kulipa. Mwenye nauli ya matatu mfukoni na alijue hilo mapema.)

Nikiulizwa nichague, nitauchagua ule wa kwanza pamoja na tundu lake. Hearthstone hunipumzisha, Magic huniuliza kila mara ni jambo gani linalostahili kukataliwa, na lipi la kuachwa lipite japo linauma.

Jumamosi iliyofuata umeme ulikatika, tukacheza kadi mezani kwa mshumaa. Nilimtupia mpwa wangu mbili. Aliokota karata zake bila kunung'unika, nikaamini kwamba hana ree. Mzunguko wa pili, alipokuwa amebakiwa na karata chache, nilimtupia tatu kwa kiburi. Akaiweka ree mezani polepole, wala hakuniangalia.