Furaha Alijifunza Wapi?

Msomaji humvumilia mhusika mwenye vipaji kumi, mradi aonyeshwe kila kimoja kimetoka wapi.

Elvis Musiba alilikwepa swali hilo kwa ustadi. Katika Kufa na Kupona, riwaya ya 1974, mpelelezi Willy Gamba anatumwa kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, mji ambako hana shangazi wala mwalimu wa zamani wa kuuliza, "Huyu naye, bastola kajifunzia wapi?" Tena anasimulia mwenyewe, mbio mbio: kabla hujashangaa, umeshafungua ukurasa mwingine. Kwa mpelelezi wa safarini, mbinu hiyo inatosha kabisa.

Furaha, mhusika wa riwaya yangu, yuko kwao, Gisenyi, ambako majirani wanakumbuka hata mwaka alioacha shule. Kwa hiyo nilimtafutia walimu kabla ya kuandika sura ya kwanza. Hesabu amezitoa kwa mama yake, muuza nyanya anayevuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma: faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola zinabadilishwa kichwani, beseni likiwa juu ya kichwa hichohicho. Sauti ni ya babu yake, mvuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza. Wavuvi wa Ziwa Kivu huunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huingia ziwani jioni na taa zao, na huimba ili makasia yaende pamoja.

Kipaji cha tatu ndicho kilichonipa kazi. Mjomba wake anachunga mbuzi upande wa Sake, kwenye mazuku, yale mashimo ya mawe ya volkano ambamo hewa ya ukaa hutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama chini, hasa usiku upepo ukitulia. Mbuzi aliyeinamia majani huanguka, na mchungaji aliyesimama kando yake hajahisi kitu. Hakuna mahali katika riwaya nilipoandika kwamba Furaha anaijua ardhi hiyo. Nimeandika kwamba anafika kwenye bonde, anaona ndege wawili wamekufa, anamnyanyua mtoto begani na kuwakataza wenzake wasiketi. Maelezo yanakuja kurasa tatu baadaye, kutoka kinywani mwa mtu mwingine, tena kwa kununa.

Halafu vipaji lazima vigombane, la sivyo mhusika anakuwa sanduku la vifaa tu. Usiku Furaha anapovusha watu ziwani kwa mtumbwi, sauti inayowaongoza wapiga kasia ndiyo hiyohiyo inayotambulika ufukweni kote. Kiswahili chake nacho humsaliti: Goma anasema "batu", kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam anasema "watu". Woga ukimshika anachanganya, na askari ana masikio.

Udereva nilimnyima, ingawa rafiki yangu mmoja aliushabikia sana. Mwenye gari hapandi mtumbwi, na bila mtumbwi sura ya saba haipo.