Mpiga Picha wa Gizani

Umeme ukikatika Kampala, watu huguna kwanza, kisha jenereta huanza kuitikiana mtaa kwa mtaa. Rafiki yangu mmoja yeye hufurahi. Hubeba kamera na mkoba wa tochi, akateremka hadi chini ya jengo la ghorofa ambalo halijaisha kule Ntinda, pale patakapoegeshwa magari siku likikamilika, akaanza mazoezi ya kupiga picha za mapangoni. Mlinzi wa usiku ameshamzoea; humwita "nnyabo wa matochi", yaani bibi wa matochi, na kumwachia mlango. Huko chini kuna nguzo za zege, madimbwi ya maji ya mvua, na giza la kweli, ambalo mjini ni bidhaa adimu. Nguzo ndizo anazozifuata. Nguzo ya zege iliyolowa, ukijua kuimulika, hukufundisha mengi kuhusu nguzo ya chokaa iliyojengwa kwa matone.

Jumamosi hupiga picha za harusi na za kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, na kodi ya nyumba hutoka huko. Mapango hayamlipi kitu. Nimekuwa mshika taa wake kwa safari tatu, nikibeba, nikingoja, nikikatazwa kupumua, na kila safari nimerudi nikiiheshimu zaidi kazi hii.

Mpiga picha wa mchana huukuta mwanga tayari upo. Anaweza kuusubiri, kuukwepa, hata kuulalamikia, lakini hauleti yeye. Ndani ya pango hakuna kitu. Ukizima tochi na kuinua mkono mbele ya uso, huoni mkono, na hata ukikaa saa nzima macho hayazoei, kwa sababu hakuna cha kuzoea. Kila kitakachoonekana pichani ni kile ulichoamua kukimulika, na kisichoonekana pia umekiamua. Ndiyo maana rafiki yangu akiingia pangoni hagusi kamera kwanza. Huketi juu ya jiwe, huzungusha tochi polepole, huuliza maji yanatoka wapi, dari linashuka wapi, na ni sehemu gani iachwe ilale.

Alianzia karibu na nyumbani. Mapango yetu yanayosifika, yale ya Mlima Elgon, yamo katika mawe ya volkano. Anayetaka kuona chokaa ikidondoka na kuganda huenda Fort Portal, mwendo wa kilomita 300 hivi kutoka Kampala, kwenye pango la Amabere ga Nyina Mwiru. Jina hilo maana yake ni maziwa ya mama yake Mwiru. Masimulizi ya Watooro yanasema Nyinamwiru alikuwa binti wa mfalme Bukuku, akakatwa maziwa kwa amri ya baba yake, na ndiye aliyemzaa Ndahura wa Bachwezi. Maji meupe yanayodondoka kwenye ncha za mawe ndiyo, kwa wasimulizi, maziwa yale yale. Wanajiolojia nao wana simulizi lao, na kwangu halina upungufu wa uzuri: maji ya mvua hunyonya hewa ya kaboni kutoka angani na udongoni, huwa na ukali kidogo, huyeyusha chokaa njiani, yakifika pangoni na kuning'inia, ile hewa hutoka, na chembe ya chokaa hubaki pale tone lilipokuwa. Tone juu ya tone, miaka kwa miaka.

Pango lile ni dogo, tena upande mmoja liko wazi kwa mchana na maporomoko ya maji, kwa hiyo linafundisha jambo gumu: kusawazisha jua la nje na giza la ndani katika fremu moja. Rafiki yangu alikwenda mara nne kabla hajapata picha aliyoikubali. Zile za mwanzo alizipiga kwa flashi iliyokaa juu ya kamera, kama afanyavyo ukumbini, na zote zilitoka kama ukuta uliopakwa chokaa na fundi mwenye haraka. Mwanga unaotoka ulipo jicho hufuta vivuli, na jiwe bila kivuli halina umbo. Aliponielekeza nishike flashi mbali, ubavuni, nyuma kidogo ya nguzo, ndipo mawe yalipopata mikunjo, mishipa na unyevu. Nilikuwa nimesimama mita mbili tu kutoka kwenye nguzo ile na sikuwa nimeiona mpaka alipoimulika kutoka nyuma.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi, lakini inamwadhibu anayeipuuza. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Ukizidi mara nne, ni sehemu moja ya 16. Flashi yake ina namba ya mwongozo 40. Maana yake, kitu kikiwa mita 5 kutoka kwenye flashi, tundu la lenzi hufunguliwa kwa namba 8. Kikiwa mita 10, namba 4. Anazijua kwa kichwa kama mama anavyojua chumvi ya mchuzi. Katika pango kubwa, kwa hiyo, flashi moja haitoshi, na kununua kumi hakuna mwenye fedha hizo. Dawa ni muda. Kamera hufungwa imara juu ya miguu mitatu, kilango chake huachwa wazi dakika mbili, tatu, na mpiga picha huingia mwenyewe ndani ya picha na flashi ile ile moja, akiilipua nyuma ya mwamba huu, kisha nyuma ya ule. Yeye haonekani, maana hakuna mwanga uliomwangukia. Anapita mbele ya kamera kama kivuli ndani ya kivuli.

Njia hii ina wazee wake. Mfaransa Nadar aliingia na kamera katika makaburi ya chini ya ardhi ya Paris mwaka 1861, akiwa na taa za umeme wa betri, na baadhi ya picha zilihitaji dakika 18. Hakuna binadamu anayeweza kusimama bila kutikisika muda huo, kwa hiyo aliweka masanamu yaliyovishwa nguo za wafanyakazi. Miaka mitano baadaye, Charles Waldack aliliingia pango la Mammoth kule Kentucky, Marekani, akachoma magnesi ili apate mwanga. Magnesi huwaka kwa weupe mkali na kuacha moshi mzito, na ndani ya pango moshi hauna pa kwenda. Rafiki yangu huwataja hawa wawili kila betri inapomwishia, na lawama zake huishia hapo.

Safari ya mapango ya Amboni, Tanzania, tulikwenda kwa basi: Kampala, Nairobi, Mombasa, kisha mpaka wa Horohoro, na mapango yako kilomita 8 hivi kabla ya kufika Tanga mjini. Chokaa ya pale ni ya zama za Jura, miaka ipatayo milioni 150, wakati bahari ilikuwa imeifunika nchi hiyo. Watu wa Tanga wana habari za njia za chini zinazotokea mbali kabisa. Upimaji wa mwaka 1994 ulikuta mapango kumi yaliyotengana, refu kuliko yote mita 900. Kwa mpiga picha, mita 900 za giza ni umri mzima.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee mtaratibu. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba, wanangu. Mmetoka mbali." Alituonyesha mahali pa mizimu, wanapokuja watu kuomba, na chupa na vitambaa walivyoacha. Rafiki yangu alizima taa yake ya kichwani, akapita bila kuinua kamera. Penye popo pia hakulipua flashi hata moja. Hilo alilijifunza Uganda: katika msitu wa Maramagambo kuna pango la popo na chatu ambako mtalii kutoka Uholanzi alipata virusi vya Marburg, akafariki mwaka 2008, na sasa wageni hutazama kutoka kwenye chumba cha vioo. Popo wana nyumba yao. Wewe ni mpita njia.

Tulipofika kwenye ukumbi aliouchagua, kamera ilikaa kwenye mkoba uliofunguliwa nusu saa bila kuguswa, ili lenzi izoee joto na unyevu wa mle ndani. Ukiharakisha, kioo hupata ukungu, na kila ukifuta unarudi. Kisha akachomeka miguu ya stendi kwenye tope, akaiminya mpaka ikagoma kushuka. Mimi nikapewa kazi ya kusimama kando ya nguzo kubwa, nimevaa shati jekundu, nisitikisike, ili mtazamaji ajue nguzo ile ni kubwa kiasi gani. "Flashi ikilipuka usiwe unapumua," akaniambia. "Pumzi yako itaonekana kama wingu." Nikaipima kwa tochi: kweli, mvuke mweupe ulinitoka kinywani ukaelea mbele ya uso.

Taa zote zikazimwa. Nikasikia kilango cha kamera kikifunguka, sauti ndogo kama kucha juu ya meza. Kisha sauti yake ikihesabu chini chini, nyayo zake zikinyonywa na tope, mlipuko wa kwanza, na kwa sehemu ndogo sana ya sekunde dari lote likawa juu yangu, limekunjamana kama nguo iliyoanikwa. Giza tena. Tone likaanguka mahali fulani. Mlipuko wa pili ulitoka kushoto, nyuma ya nguzo. Wa tatu mbali, mwisho wa ukumbi, ambako hata sikujua kama kuna mahali. Alipofika 150 akafunga.

Kwenye kioo cha kamera picha ilipendeza. Mimi ningeondoka nayo. Akamwita mzee atazame. Mzee akaisogeza karibu na macho, akakaa kimya, kisha akaweka kidole mwisho kabisa wa ukumbi.

"Hapa, mwanangu, umepawasha sana. Mgeni akiona hivi atadhani kuna mlango wa kutokea. Hakuna mlango hapo. Hapo pango linakwisha."

Rafiki yangu aliitazama picha ile kwa muda. Hakujitetea. "Ni kweli, mzee," akasema. Akabadilisha betri, akafuta lenzi, akanirudisha kwenye nguzo yangu, akanisogeza nusu hatua kulia. Tulirudia mara tano. Mara moja mimi nilipumua. Mara nyingine mguu mmoja wa stendi ulizama kidogo na kila kitu kikawa na kivuli chake. Zile tano zote hakulipua tena flashi mwisho wa ukumbi. Alisimama pale gizani, katika hesabu ya 110, akawasha tochi ndogo, akaielekeza chini kwenye maji, akahesabu mbili, akaizima.

Picha hiyo sasa iko ukutani kwake, juu ya kabati la filamu za zamani. Nguzo imesimama na mishipa yake yote, shati jekundu kando yake ni dogo kama punje ya mtama, na huko nyuma kabisa, ambako jiwe na giza havitenganishiki, kuna mstari mmoja mwembamba wa maji.